Kilo ngapi, bei gani, nani ameandika

Båtsfjord, Norwei

Mdogo wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia. Unataka nikutumie dola 50 za semina ya ujasiriamali hapo Goma, ya siku mbili, chakula cha mchana ndani yake, na mwishoni kila mtu anaondoka na cheti. Unasema mfundishaji ni yule kijana wa suti ya buluu anayetuma video za asubuhi: amka saa kumi alfajiri, fikiri kama tajiri, achana na marafiki wasio na maono. Hizo video nimezitazama. Kijana anajua kusema, sikatai. Lakini akuambie wewe uamke saa kumi! Wewe ambaye tangu utoto, saa tisa usiku ulikuwa umeshafika ufukweni kwetu Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, na beseni kichwani, ukingoja mitumbwi irudi, huku ukitega sikio kiboko asije akakukuta umesimama kati yake na maji.

Pesa nitatuma. Ila si za semina, na naomba unisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika, maana nakujua, ukikasirika unazima simu.

Hapa nilipo ni kijiji cha wavuvi, kama kwetu. Watu elfu mbili na kitu, Bahari ya Barents mlangoni. Kuanzia mwisho wa Novemba jua halichomozi mpaka katikati ya Januari. Tunakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Badala ya wale korongo wetu wakubwa wenye shingo kipara wanaotembea sokoni kama wakusanya kodi, hapa kuna shakwe, wezi vilevile. Wanaume kwa wanawake wanaongea habari za samaki tangu asubuhi: chewa wameingia, kaa wamepanda bei, upepo umewazuia watu bandarini. Mtu wa Vitshumbi hahitaji mkalimani wa mazungumzo hayo, anahitaji koti tu.

Kilichonishangaza nilipofika ni karatasi. Chombo kikifunga gatini, samaki wanapimwa, na mvuvi na mnunuzi wanatia sahihi hati moja: jina la chombo, tarehe, wamevuliwa wapi, kwa zana gani, aina, uzito, bei. Hakuna samaki anayeuzwa bila hati hiyo. Na bei yenyewe ina sakafu. Wavuvi wana chombo chao cha mauzo, Norges Råfisklag, makao yake Tromsø. Kinakaa mezani na wanunuzi, wanajadiliana bei ya chini, na wasipoelewana chombo cha wavuvi ndicho kinachoamua. Bei ikishatangazwa, mnunuzi akilipa pungufu amevunja sheria.

Usidhani hawa walizaliwa hivyo. Zamani katika vijiji vingi vya pwani hii palikuwa na tajiri mmoja mwenye gati, mwenye duka, mara nyingine mwenye hata kibanda alimolala mvuvi. Mvuvi alikopa unga na nyavu kwake, akamlipa samaki kwa bei aliyoitaja tajiri huyohuyo. Unasikia mlio wa nyumbani? Kwetu mvuvi akikopeshwa wavu au petroli, samaki wake wana mwenyewe kabla hawajavuliwa. Miaka ya 1930 bei ya samaki ilianguka, watu wakalala njaa huku bahari imejaa. Ndipo wavuvi wakajikusanya, wakaibana serikali, na mwaka 1938 ikapita sheria kwamba mauzo ya kwanza ya samaki wanapotoka majini yatafanywa kupitia chombo cha wavuvi wenyewe. Sheria imeandikwa upya mwaka 2013, lakini kiini ni kilekile. Mvuvi wa Båtsfjord siku hizi ana gari na nyumba yenye madirisha ya vioo viwili. Sijasikia hata mmoja akisema alipata hivyo kwa kufikiri kama tajiri.

Sasa nikueleze yangu, maana ndiyo inayokuhusu zaidi.

Nilipotoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nikaletwa Norwei, nilipitia masomo ya lugha na maisha ya nchi kama wakimbizi wote, kisha nikaingia kiwandani kwenye mstari wa minofu. Kisu mkononi, samaki mbele yako, mwingine nyuma yake, mpaka king'ora. Nilikuwa mwepesi kuliko wengi. Si ajabu, mama alitupa visu kabla hatujajua kusoma. Lakini nililipwa kama mtu aliyemwona samaki jana. Nchi hii haina mshahara wa chini wa taifa zima. Ila katika viwanda vya samaki kuna kiwango cha lazima tangu 2015, na kiko kwa ngazi: mfanyakazi wa kawaida ana chake, fundi mwenye cheti ana chake cha juu zaidi. Tofauti ni kwa kila saa, kila siku, mpaka ustaafu.

Cheti hicho kinaitwa fagbrev. Vijana wanakipata kwa kusoma na kuwa wanagenzi. Mtu mzima ana njia nyingine: athibitishe miaka mitano ya kazi hiyo kwa muda wote, afaulu mtihani wa nadharia, kisha asimame mbele ya mafundi wanaomtahini kwa vitendo. Mama mmoja wa Kitamil tuliyekuwa naye kwenye mstari ndiye aliyeniambia. Watamil kutoka Sri Lanka walianza kujaa viwanda vya samaki vya Finnmark miaka ya 1980, wakikimbia vita yao, na wanaijua kila njia ya mkato iliyo halali. Mama yule aliniuliza, "Nyumbani ulifanya kazi hii miaka mingapi?" Nikamwambia maisha yangu yote. Akauliza, "Nani ameandika?"

Hakuna aliyeandika. Miaka yangu ya Vitshumbi, ya kupasua ngege kwa mgongoni, kutoa matumbo, kuosha, kutia chumvi, kupanga na kugandamiza, kujua kwa kidole tu kama samaki atafika Goma au ataozea njiani, haikuwa na risiti hata moja, wala barua, wala daftari. Msimamizi wa mitihani alikuwa mpole. Alisema kazi ya nje ya nchi inaweza kuhesabiwa kama ina uthibitisho. Nikaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri, mimi niliyekuwa nimewafundisha wengine kushika kisu.

Siku ya mtihani wa vitendo nilijua kwamba mkono si tatizo. Wanachotaka ni sababu. Kwa nini samaki mbichi akae karibu na nyuzi sifuri? Kwa nini kisu hiki kisivuke upande ule wa chumba? Halafu wakauliza habari ya chumvi: inafanya nini, na utajuaje kwamba imefanya kazi yake? Mdogo wangu, hapo nilimwona mama. Mama hakujua jina la bakteria hata mmoja, lakini alijua kwamba chumvi inavuta maji, kwamba chumvi ya mawe makubwa haifanyi kama iliyosagwa, kwamba ile ya Katwe ng'ambo ya ziwa inataka mkono mwepesi, na kwamba nyama ya karibu na mfupa ndiyo inayodanganya. Nikawajibu kwa Kinorwei changu cha kuchechemea yale niliyofundishwa kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa watahini aliandika kwa muda mrefu.

Kwa hiyo ninaposikia "maendeleo binafsi" ya kijana wa suti, nauliza swali la yule mama wa Kitamil. Akupe cheti cha kuhudhuria, kitathibitisha nini? Kwamba ulikaa kwenye kiti siku mbili. Ujuzi wako ni mkubwa kuliko cheti hicho, na hakuna anayeuandika, hata wewe mwenyewe. Kama unataka kusoma, yapo mafunzo ya kazi yenyewe. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, ipo nchini tangu 1964 kwa ajili hiyo, na ilikuwa na watu Goma. Kaulize kama kuna kozi ya kuhifadhi vyakula au ya uhasibu mdogo inayoendelea katika hali hii, na mwisho wake wanatoa karatasi gani. Hapo nitalipa bila kusubiri uniombe mara ya pili.

Najua utasema: dada yuko kwenye umeme usiokatika, anatufundisha kuandika wakati sisi tunahesabu vizuizi barabarani. Ni kweli. Tangu Machi 2024 waasi wa M23 walipoishika Vitshumbi, na Goma nayo mwisho wa Januari 2025, naijua njia yako kwa simu tu. Benki zilipofungwa mlibaki na mawakala wa simu, na kila noti inayotoka inakatwa kitu. Uwanja wa ndege ulifungwa. Daftari halizuii risasi na halifungui barabara. Lakini fikiria hili: kwenye safari yako ya mwisho ulinieleza kwamba "ilienda vizuri, nilirudi na pesa". Pesa ngapi? Samaki ulinunua kwa franka, usafiri ukalipa kwa franka, ukauza Goma sehemu kwa dola sehemu kwa franka, na kiwango cha kubadilisha kilikuwa kimesogea katikati. Kila kizuizi kilichukua chake. Chumvi, magunia, mtoto wa kubeba, wakala. Na siku zako, je? Hujajilipa hata siku moja. Inawezekana ulipata faida. Inawezekana umekula mtaji wako na kuuita faida. Hapo ndipo biashara nyingi za mama zetu zinapofia, katika nchi yenye amani na isiyo na amani, na hazifi kwa kukosa maono.

Jambo jingine ambalo kijana wa suti hawezi kuligusa ni ziwa lenyewe. Anasema "ongeza mtaji, ongeza mauzo". Samaki watatoka wapi? Miaka ya 1970 hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000, na wengi walikuwa huku kwetu, ziwani Edward na kwenye mito yake. Vita vikaja, wakauawa kwa nyama na kwa meno, hadi katikati ya miaka ya 2000 wakawa chini ya 1,000. Wazee walikuwa wakisema mavi ya kiboko ndiyo unga wa ngege, tukacheka. Wanasayansi wanasema hivyohivyo kwa maneno marefu: mavi yanarutubisha maji, maji yanaotesha vijimea vidogo, ngege wanakula. Juu ya hayo kuna mitumbwi isiyo na ruhusa na nyavu za macho madogo zinazochukua watoto kabla hawajazaa. Mfanyabiashara wa samaki anayenunua ngege wa vidole viwili kwa sababu ni rahisi, anauza duka lake la mwaka kesho. Ukitaka kukua, kuna mzigo inabidi uukatae, na huwezi kuukataa peke yako, maana jirani yako ataununua.

Ndiyo maana nakurudisha kwenye AVEC yenu, kikundi chenu cha kuweka na kukopa. Mna kasanduku kenye kufuli tatu, mna wanawake mnaoaminiana mpaka mnakopeshana pesa za ada na za msiba. Vitshumbi ushirika si jambo geni, ule wa wavuvi, COPEVI, ulikuwepo kabla yetu. Ila mimi nasema kitu kidogo kuliko ushirika wa wavuvi wote: ninyi wa samaki wa chumvi tu, mnaokaa safu moja. Mkutano wa hisa unapokwisha, kaeni dakika kumi zaidi. Kila mmoja aseme alinunua kwa bei gani, akauza kwa bei gani, kizuizi gani kilichukua ngapi. Baada ya miezi michache mtakuwa na kitu ambacho hakuna mnunuzi wa Goma anacho: bei ya kweli ya njia nzima. Pengine mtakubaliana kutouza chini ya kiasi fulani. Pengine mtakodi gari moja badala ya pikipiki sita. Pengine mtagombana, na hilo pia litawaonyesha nani wa kuwekwa kushika ufunguo.

Umeniuliza pia kama uache samaki uje huku. Swali hilo nitalijibu kwa barua yake, halitoshi kona hii. Kwa sasa nijibu nusu: wanaokuja na ujuzi ulioandikwa wanaanza juu kidogo ya nilipoanzia.

Hizi dola 50 zigawe hivi. Nunua mizani ya kuning'iniza, ya ndoano, inayofika kilo 50. Usinunue ya plastiki ya sokoni inayosema uongo baada ya wiki. Nunua daftari gumu la mistari na kalamu mbili, na mfuko wa kulifunga lisilowe. Kilichobaki ni hisa zako za AVEC za mwezi huu, usiguse. Mtoto wako wa kwanza yuko sekondari, anajua hesabu kuliko sisi wote: mlipe kitu kidogo akuandikie kila jioni, tarehe, kilo, aina, ulinunua, ulitumia, uliuza, kwa pesa gani. Mwombe mwalimu wake au mtu wa parokia atie sahihi kila mwisho wa mwezi kwamba ameliona. Nitatuma kwa Airtel Money kwa namba ileile. Kabla ya kutoa, uliza mawakala wawili wanakata ngapi, na uandike hilo pia kwenye ukurasa wa kwanza.

Mama mwambie dawa za presha ziko kwa yule padri anayesafiri, atazikuta Kigali. Na mwambie walinitahini juu ya chumvi.

Dada yako