Tulipima moteri kwa biberoni



Siku ya Mungu iliyopita, wamama wawili walinisimamisha inje ya kanisa. Walitaka kujua juu ya nini MUSO yetu, kisha kuuzisha moto ya zamani, haikununua ile kubwa ya 200 yenye kila mutu alikuwa anaingojea. Niliwaambia: nitaandika. Sasa ninaandika, hata kama jibu langu halinifurahishe upande wote.

Kwa wale wenye hawatujui: tuko wamama 28, mu milima ya Lubero, ku njia ya Masereka. Moto yetu ya kwanza ilikuwa ya 125. Mchana ilishusha viazi na mboga ku soko ya Butembo, jioni ilipandisha chumvi, sabuni na mafuta ya ngazi. Usiku, kama mutu ni mugonjwa, ilikuwa ni ya mugonjwa.

Usiku mumoja wa mwezi wa 11, mvua ilinyesha tangu saa kumi. Mama mumoja wa kikundi chetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Shofere alikaa mbele, mama katikati, mimi nyuma nikimushikilia. Tulivuka daraja vizuri. Lakini ku mupando wenye unafuata daraja, moteri ililia kwa nguvu sana na gurudumu halikuvuta. Shofere aliweka vitesi ya kwanza, akajaribu tena, tukaanza kurudi nyuma. Akaniambia: “Madamu, moteri ni ndogo, shukeni.” Tukashuka. Mama alitembea hatua zake akinishika bega, na mutoto alizaliwa chini ya mikaratusi, kwa mwangaza wa telefone. Muganga wa zamu alitukuta pale, alikuja kwa miguu na taa. Mutoto ni musichana, yuko muzima. Mama yake alipoteza damu nyingi, akalala siku tisa ku hospitali.

Ni mimi ninashika kitabu cha feza cha kikundi. Miezi miwili mbele ya usiku ule, shofere alikuwa aliomba feza ya kutengeneza moto. Nilimujibu mu mukutano, mbele ya wote: “Inatembea, ama haitembei? Kama inatembea, tungoje.” Sikulala siku nyingi kisha mutoto ule kuzaliwa. Ku mukutano wenye ulifuata nilisimama wa kwanza kusema tuuzishe 125, tununue 200. Walipiga makofi.

Mbele ya kuiuzisha, tuliipeleka kwa fundi aifungue, ili tujue bei. Alinionyesha diski za ambreyaje: zilikuwa nyeusi na laini sawa sahani ya zamani. Filtri ya hewa ilikuwa imejaa matope. Akasema: “Madamu, na diski hizi hata ungeweka moteri ya gari, nguvu haingefika ku gurudumu.” Bei ya diski ilikuwa chini ya bei ya gunia moja ya viazi. Ndiyo ile feza nilikataa.

Nilinyamaza juma moja. Kisha niliwaambia wamama, na nikaomba musamaha kwa yule mama mbele yao. Alijibu tu: “Basi, nunueni yenye itapanda.”

Juu 125 ile, hata na diski mupya, ilikuwa imechoka, na muzigo wetu ulikuwa umeongezeka. Kubadilisha ilikuwa lazima. Lakini sasa sikutaka tena tuchague kwa kupiga makofi. Mu mukutano nilikuja na biberoni ya mutoto wangu wa mwisho. Wamama walicheka. Ile mistari mwenye kunyonyesha kwa biberoni anaijua vizuri: 50, 100, 150, 200. Mililita moja na cc moja ni kitu kimoja. Moto ya 125 maana yake, pistoni ikishuka kuvuta, inavuta hewa na esanse ya kujaza biberoni mpaka pale ku 125. Ya 200 inajaza karibu biberoni muzima. Hakuna uchawi ingine mu namba ile. Yenye kuvuta nyingi inasukuma na nguvu nyingi, na inakunywa nyingi.

Kisha niliwaambia kitu chenye wauzishaji hawasemi. Huku kwetu juu, karibu mita 2,000, hewa ni nyepesi. Ukilinganisha na hewa ya pembeni ya bahari, karibu sehemu moja ya tano imepungua. Kwa hiyo 125 yetu ilikuwa inafanya kazi sawa moto ya 100. Ya 150 itakuwa sawa 120, ya 200 sawa 160. Pale mama mumoja alisema: “Si unaona? Ni lazima 200!” Na kusema kweli, hesabu ilikuwa upande wake.

Tulienda kuzijaribu zote mbili ku mupando uleule. Muuzishaji alikubali, na mutu wake mbele. Ile 200 tout-terrain ilipanda na watu watatu bila kupumua. Ninakubali, ni moto nzuri. Lakini shofere wetu wa sasa ni dada wa kikundi, mujane, na si murefu. Akikaa juu ya 200, vidole tu ndivyo vinagusa udongo. Mu kona yenye matope moto ililala upande mumoja, naye akashindwa kuiinua. Tulikuwa tatu kuiinua. Nilifikiri: usiku, na mwenye uchungu nyuma, nani atakuwa wa tatu?

Ile 150 ilipanda polepole, na ku mwisho wa mupando ililia kidogo. Fundi alisema tubadilishe kuroni, ile duara ya meno ku gurudumu la nyuma, tuweke yenye meno mengi zaidi. Mbio inapungua ku njia ya sawasawa, lakini nguvu ya kupanda inaongezeka. Mbio hatuna kazi nayo. Barabara yetu munaijua.

Ilibaki feza. Kisha kuuzisha ya zamani tulikuwa na dola 1,300. Ile 150 walituombea 1,150, ile 200 walituombea 1,750. Wengine walisema tukope zile 450 mu sanduku nyekundu, tutarudisha kisha mavuno. Munajua sanduku nyekundu ni ya magonjwa na kilio. Mama muzee wetu, mwenye hasemangi mara nyingi, aliuliza: “Kama mutu analala hospitali siku tisa tena, tutamulipia na moteri?” Hesabu ya siku zile tisa ilikuwa bado ku ukurasa wa kitabu mbele yangu.

Tulipiga kura: 17 kwa 150, 10 kwa 200, mumoja hakuinua mukono. Yule mumoja ni yule mama mwenye alizaa njiani. Sikumuuliza.

Nilisema jibu halinifurahishe upande wote. Mama mumoja wa wale 10 ananiambia mpaka leo kwamba tulichagua kwa hesabu ya watu wenye wako na afya, na kwamba usiku ule moto ya 200, hata na filtri chafu, ingefika. Pengine. Diski zenye kuisha zinateleza ku moteri kubwa pia, na ndivyo ninamujibu, lakini ninajua si hiyo tu anauliza.

Ile 150 iko na miezi minne sasa. Kwa kitabu chetu, inakula litre moja kwa kilometre karibu 35, na muzigo. Gunia moja ya viazi inapanda na kushuka. Mbili tumekataza, hata kama wenye viazi wanakasirika. Kila siku ya posho asubuhi, shofere anafungua filtri mbele yangu, anaipiga-piga, ananionyesha, kisha anatia sahihi. Kama diski zinaanza kuteleza, anaandika tarehe, na feza inatoka juma lilelile bila mukutano. Mara tatu imepeleka wamama ku maternite usiku. Mara moja, ku mupando wa daraja, mimi mwenye kushikilia nyuma nilishuka, nikatembea. Mwenye uchungu alibaki juu, na moto ilifika.