Chala: Ziwa la nchi mbili, na wimbo wa nchi mbili

Msomaji, je, umewahi kuliona ziwa lililojificha hata anayelikaribia asijue lipo? Basi fanya safari ya Chala. Kutoka Voi shika barabara ya Taveta, upite Mwatate, Bura na Maktau, kisha ukate Mbuga ya Tsavo Magharibi. Zamani njia hii ilikuwa vumbi tupu. Siku hizi ni lami. Kutoka mji wa Taveta, elekea kaskazini kiasi cha kilomita 8.

Utapanda mteremko mkavu wenye vichaka, bila dalili yoyote ya maji. Ghafla, chini ya miguu yako, utaliona ziwa ndani ya shimo la volkeno ya kale, kina chake zaidi ya mita 90. Leo maji ni ya buluu, kesho ni ya kijani. Usijitose: mwaka 2002 mgeni mmoja aliuawa na mamba humu.

Ukingo ule wa ng'ambo ni Rombo, Tanzania. Mpaka umepita katikati ya ziwa, lakini maji hayana habari nao. Mvua ya Kilimanjaro hupenya ardhini, huingia ziwani kwa siri, na hutoka kwa siri vilevile.

Ukiketi hapo, fungulia wimbo wa 'Malaika'. Fadhili William, aliyeurekodi kwa mara ya kwanza mnamo 1960 hivi akiwa na Jambo Boys, alizaliwa Taita Taveta mwaka 1938. Jina lake la tatu, Mdawida, lasema wazi kuwa yeye ni Mtaita. Baadaye aliurekodi tena katika studio za Equator, Nairobi. Ni kilio cha kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa. Gitaa ni la taratibu, sauti haina makeke.

Kisha wimbo ukavuka bahari. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika sahani yao ya 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mwaka 1967 ukarekodiwa Uswidi na Hep Stars, kundi la Benny Andersson kabla ya ABBA. Boney M wakaugeuza wa disko 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautoa upya 1991. Wengine Kiswahili chao huteleza, lakini huzuni ya yule kijana haipotei.

Sasa swali gumu: ni wimbo wa nani? Kenya hutambua zaidi jina la Fadhili. Lakini ng'ambo ya mpaka utaambiwa ni wa Adam Salim, Mtanzania aliyesema aliutunga miaka ya 1945 na 1946 alipokuwa akiishi Nairobi. Wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa.

Usiwe na haraka ya kuamua kwa bendera. Kurekodi ni jambo moja, kutunga ni jingine. Sahani yaweza kutuonyesha nani alitangulia studioni. Haiwezi kutuambia nani alitangulia kuumia moyo. Fadhili alistahili sifa ya kuuokoa wimbo usipotelee hewani. Kama Salim alisema kweli, naye alistahili jina lake liandikwe na apate chake. Fadhili alifariki Nairobi Februari 2001, na ubishi ukabaki.

Hili si suala la sifa tu, ni la ugali. Kila wimbo unaporudiwa ughaibuni, kuna fedha zinazopaswa kumfikia mtunzi, na fedha hufuata jina lililoandikwa.

Kwa hivyo, wewe kijana wa Taveta au wa Rombo mwenye gitaa na wimbo kichwani, uandike leo, utie tarehe, uusajili kabla hujauimba arusini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawe msafiri, ukienda Chala beba maji ya kunywa, na ushuke polepole. Kuteremka ni rahisi. Kupanda ndiko kazi.