Kupanda Uluguru bila mzigo

Kwa mtoto aliyelelewa kwenye miteremko ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, kupanda mlima hakukuwa na jina. Ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda shuleni, shambani, kuteka maji na kuuza sokoni. Njia zenyewe hazizunguki. Hukata mlima moja kwa moja, maana mwenye mzigo hataki hatua za ziada. Mtoto alipewa mzigo wa saizi yake na ngata ya kipande cha kanga, akaambiwa afuate nyuma ya mama yake.

Kisha hupita miaka ya mjini: daladala, kiti cha ofisi, kitambi. Anayerudi mlimani akiwa na miaka 40 huja kwa hiari, siku ya Jumamosi, na hapo mambo hugeuka. Kufika Morningside, lilipo jengo kuukuu la Wajerumani, humtoa jasho ambalo utotoni halikuhesabika. Buti jipya, lililonunuliwa kwa bei ya kutia aibu, humchubua kisigino kabla ya nusu ya njia. Wanawake wenye matenga ya stroberi na karoti humpita wakishuka na kandambili, wakipiga soga.

Kuwatazama ndiko kunakomkumbusha alichokuwa akikijua. Hatua zao ni fupi, wayo wote hukanyaga chini, nao hupumzika kabla ya kuchoka. Wakati wa kushuka, ambako ndiko hasa magoti huumia, hukunja goti kidogo na kushuka mshazari. Mtu mzima huzoea kukaza mwendo mpaka pumzi ikate, ndipo akae. Ofisini pia hufanya hivyohivyo.

Yako pia asiyoweza kuyaona mtoto. Maji yaliyokuwa ya kuchotwa tu ni chanzo cha mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Miteremko mikali inayolimwa hadi ukingoni mwa msitu ndiyo ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuichimba matuta, kazi ya sulubu iliyozaa ghasia za mwaka 1955. Wazee waliitaja kazi hiyo mara kwa mara, na watoto waliichukulia kama hadithi. Ukiwa umesimama juu, ukihema, unaelewa kwa nini watu walikataa: mteremko huo kuupanda tu ni kazi, sembuse kuuchimba.

Mtembeaji hukutana na wauzaji mara mbili. Asubuhi wanashuka na matenga. Mchana wanapanda na sukari, sabuni na mafuta ya kula. Akishaamkia shikamoo na kuitikiwa, huulizwa amefuata nini huko juu. Akijibu kwamba anatembea tu, kicheko husikika hadi kona ya pili.