Bamvua la Songwa

Sisi wa visiwani tumelelewa na bahari, na bahari ina adabu yake katika mambo ya mizigo. Jahazi lililokwama pwani halibebwi. Husubiriwa bamvua, maji yakajaa chini yake, likainuka lenyewe.

Fikra hiyo niliichukua hadi Songwa, mkoani Shinyanga, jirani na Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 ilitoka huko almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, uzito usiofika gramu 11; hiyo mtu angehama nayo kiganjani. Changu mimi kilikuwa kijumba cha mbao na mabati, nyuma nikilala, mbele nikitengeneza redio, na ilinipasa kukihamishia Geita kabla ya mvua. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi huwa mgumu kama saruji, ukinyeshewa humeza magurudumu.

Nilikuwa na pikapu ya kukodi yenye bodi bapa, jeki mbili na rundo la vipande vya magogo. Nikapitisha mihimili miwili chini ya kijumba, mirefu kupita upana wa gari, ncha zikachomoza pande zote. Kona moja nikaiinua kidogo, nikatia gogo. Kisha kona ya pili. Hapana kona iliyoitangulia nyingine kwa zaidi ya gogo moja, na chini ya kila jeki niliweka ubao, kwani mbuga haiaminiki hata ikiwa kavu. Jua lilipochomoza kijumba kilikuwa kimesimama juu ya nguzo nne. Nikalirudisha gari kinyumenyume katikati yake, nikishuka kila mara kutazama. Mzigo haukupanda garini; gari ndilo lililoingia chini ya mzigo, kama maji. Ikabaki kuyapunguza magogo kwa zamu ile ile, uzito mwingi ukae mbele ya ekseli ya nyuma, la sivyo pua ya gari huinuka na usukani ukakosa utii.

Hapo ndipo alipofika mzee jirani yangu.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kwetu anayehama peke yake alfajiri ama kaiba, ama kakosana na watu. Wewe u nani katika hao?"

Nikamwambia si yeyote, mvua inakaribia. Lakini hayo hayakuwa maneno ya utani. Usukumani vijana wamezoea kulima kwa kundi chini ya nsumba ntale wao, na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 sungusungu huulizana ni nani aliyepita usiku na kapita na nini. Jeki zangu hazikuwa na jibu la hilo.

Hakugusa kitu. Akavuta kigoda, akakaa mpaka kijumba kikalala bodini, ili kesho apate kusema kwamba alikuwapo. Nilipofikia kufunga kamba aliinuka, akaishika ncha ya mwisho, akaifunga yeye, fundo la mfugaji wa ng'ombe, ambalo huko Geita lilinichukua muda kulifungua.