Ekrani kubwa haiendeshi ndege

Leo ninapenda kuwaelezea habari ya kompyuta, jambo ambalo nyumbani kwetu Butembo lilikuwa karibu kutumalizia feza ya kakao.

Yaya yangu alimaliza sekondari akiwa na nia moja tu: kuwa rubani. Masomo ya urubani ni ya bei kali, kila mutu anajua. Basi akaanza na kile alichoweza kupata, ndiyo kompyuta ya mezani ya okazio, iliyokwisha kutumiwa na wengine. Ndani yake aliweka FlightGear, programu ya bure ambayo ilitoka mara ya kwanza mwaka 1997. Programu hiyo iko na ndege ndogo ya Cessna 172, na viwanja vya ndege vya dunia nzima, hata Goma. Jioni, kama umeme uko, yaya anaruka toka Goma, anafuata ziwa, anageuza kwenda kaskazini kuelekea kwetu.

Lakini ndege yake ilikwenda kama mutu mwenye kwikwi. Akigeuza kushoto, picha inakawia, kisha inaruka yote mara moja. Rafiki mmoja wa familia, muuzaji wa vyombo vya umeme, akamwambia papa: "Ile ekrani yenu ni ndogo na ya zamani. Munune kubwa, ya nukta 1920 kwa 1080, ndege itatembea muzuri." Papa alikuwa na magunia ya kakao upande wa Beni, akaanza kuwaza kuyauza yote. Na katika kakao ile ndimo minervali yangu ilimokuwa! Nikamuomba papa: "Tupatie siku tatu, tupime kwanza." Papa akakubali.

Sasa sikieni vizuri. Picha ya ekrani ni nukta tu, zimepangwa mistari kwa mistari. Ekrani yetu ina nukta 1280 kwa upana na 1024 kwa urefu. Ukizidisha unapata nukta 1,310,720. Ile ya muuzaji ina nukta 2,073,600, yaani zaidi ya mara moja na nusu. Na picha moja haitoshi. Ili jicho lione mwendo laini, tunahitaji picha kama 30 kwa kila sekunde. Hesabu ninyi wenyewe: kwa ekrani yetu ni nukta zaidi ya milioni 39 kila sekunde, kwa ile kubwa ni zaidi ya milioni 62. Nani atazipaka rangi? Si ekrani. Ekrani ni ukuta tu. Mupakaji ni kompyuta ileile ya zamani.

Tena ndani ya kompyuta wafanyakazi ni wawili. Wa kwanza ni mupimaji: anahesabu ndege iko wapi, upepo unasukuma namna gani, mulima uko mbali gani. Wa pili ni mupakaji: anachukua vipimo vile na kupaka nukta zote. Picha haitoki mpaka wote wawili wamalize. Kama mupakaji ndiye anachoka, umupe ukuta mudogo, kazi itaenda mbio. Kama mupimaji ndiye anachoka, hata ukipunguza ukuta, hakuna kitu kitabadilika. Kwa hiyo, mbele ya kununua kitu, ni lazima kujua nani anachoka.

FlightGear inaweza kuonyesha hesabu ya picha kwa sekunde katika pembe ya ekrani. Tulichukua safari moja ileile, saa ileile na mawingu yaleyale, tukabadilisha nukta tu. Kwa nukta 1280 kwa 1024 tulipata picha 11. Kwa 1024 kwa 768, picha 17. Kwa 800 kwa 600, picha 23. Tukafurahi, tukashuka hadi 640 kwa 480, na kumbe, ni 23 tena! Yaya akauliza: "Juu ya nini haipande?" Jibu ni hili: mpaka 800 kwa 600, mupakaji ndiye alikuwa anachelewesha kazi. Toka pale, mupimaji ndiye amechoka. Basi tukamupunguzia naye mizigo: mawingu machache, na kuona mbali kidogo tu. Picha zikafika 29.

Mutu atasema: picha 11 au 29, ni mchezo tu, shida iko wapi? Shida iko. Cessna 172 inapokuja kutua inakwenda karibu kilomita 120 kwa saa, ndiyo metre 33 kwa sekunde. Kwa picha 11, kati ya picha moja na ingine ndege imekwisha kutembea metre 3. Lakini kubaya zaidi ni mukono. Unavuta usukani, huoni kitu, unavuta tena. Halafu mivuto yote miwili inaonekana pamoja na pua ya ndege inapanda juu sana. Mukono unazoea kungoja picha, na kwa ndege ya kweli hakuna kungoja. Mutu anayefanya mazoezi kwa picha za kukawia anajifunza ubaya kila siku.

Lakini tusiseme muuzaji alikosa yote. Kwa 800 kwa 600 mwendo ulikuwa laini, lakini saa za ndege, ile ya urefu na ile ya mwendo, zikawa na ukungu. Kusoma namba ikawa kazi. Sababu yake ni kwamba ekrani bapa za siku hizi ziko na nukta zake za kuzaliwa, hazibadiliki. Ukiipa picha ya nukta chache, inazitandaza kwa nguvu ili zijaze ukuta wote, na maandishi yanaharibika.

Dawa tuliyopata haikuomba feza. Tuliacha ekrani katika nukta zake 1280 kwa 1024, tukafungua ndege ndani ya dirisha la 800 kwa 600. Picha ni ndogo, lakini kila nukta inakaa pahali pake, na namba zinasomeka. Yaya anasogeza kiti karibu, ni vile tu.

Hata watu wa zamani waliruka na nukta chache. Flight Simulator ya Microsoft ilitoka mwaka 1982, wakati kadi ya rangi ya IBM ilipaka nukta 320 kwa 200 kwa rangi 4, yaani nukta 64,000 tu. Leo kuna ekrani za nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Ni nzuri sana, kwa mwenye kompyuta ya kuzipaka.

Papa aliangalia hesabu zetu kwenye karatasi, akauza gunia moja tu, la minervali. Yaya hakufurahi siku ile, kwa sababu alikuwa amekwisha kuota ekrani kubwa. Lakini juma lililofuata alitua Goma mara nne bila kuvunja ndege. Bado si rubani, na dirisha dogo halitamufanya rubani. Linamufundisha kusoma saa zake na kutuliza mukono, na kazi hiyo anaweza kuifanya tangu leo.

Basi, mwenye kompyuta nyumbani, punguza nukta kwanza, uone nani anachoka, ndipo ufungue mufuko. Mwenye swali anikute kalasi ya tano, wakati wa mapumziko.