Gitaa la Kumi na Moja

Nilidhani shida ni pedali. Ukitaka sauti ya Siamese Dream, ile albamu ya Smashing Pumpkins ya 1993, utaambiwa utafute Big Muff, tena si yoyote tu, ni ile ya mwisho wa miaka ya 70 iliyotumia chipu badala ya transista. Electro-Harmonix waliitoa upya 2017. Yangu niliipata ya mtumba, kutoka kwa jamaa tuliyekutana nje ya Archives. Wiki hiyo nilikula chai na mandazi. Nikafika nyumbani, nikachomeka gitaa, nikapiga.

Mbu. Mbu mnene, lakini mbu.

Kumbe fazi hiyo hunyonya sauti za katikati, na huko ndiko gitaa linakoishi. Ukiwa peke yako chumbani unasikia radi. Weka ngoma na besi, radi inapotea. Corgan na prodyusa wake Butch Vig walijifungia studio kule Georgia, Marekani, wakarundika gitaa juu ya gitaa, kwenye tepu. Mimi nina laptopu, nikaona nitawazidi ujanja: nikakopi treki moja mara nne. Nilichopata ni mbu yuleyule, kwa sauti ya juu. Lazima upige upya kila tabaka. Uzi uliovutwa kidogo, pigo lililochelewa kiduchu, hizo tofauti ndizo zinapanua sauti. Halafu kila tabaka unapunguza fazi, usiongeze. Hilo lilinichukua siku tisa kuelewa, na mimi hujiita fundi.

Kuna kitu kingine kuhusu albamu hiyo. Corgan alipiga karibu magitaa yote na besi mwenyewe, na bendi ilikuwa na James Iha na D'arcy Wretzky. Niliipenda sana hiyo stori. Ilinifaa.

Rafiki yangu, tuliyeanza naye bendi tukiwa kidato cha tatu, alikuwa ameacha kukesha. Kazi, mtoto, matatu ya mwisho. Sehemu yake ya wimbo wetu alikuwa ameirekodi kwa haraka Jumapili moja, na ilikuwa inaburuta. Sikumwambia kitu. Niliizima, nikaanza kuipiga mwenyewe. Wiki mbili, magitaa kumi, jirani akigonga ukuta, tokeni za stima zikiisha katikati ya treki ya saba.

Ikatoka safi. Nene, pana, kila pigo mahali pake. Nikaisikiliza kwa earphone nikielekea tao na nikajikuta nimeruka wimbo wangu mwenyewe.

Usiku huo nikaiwasha treki yake, kwa ubishi tu, nijionyeshe nilikuwa sahihi. Bado ilikuwa inaburuta. Lakini kila alipochelewa, yale magitaa yangu kumi yalionekana yanamsubiri, na hapo ndipo ile sauti niliyokuwa nikiitafuta ikatokea, sekunde kadhaa, kwenye kiitikio. Nikaisukuma kushoto, nikafuta tatu zangu ili apate nafasi.

Juzi nikamtumia. Alinyamaza saa nzima, halafu akaandika: "Hiyo ya kushoto ni mimi?"

Nikamjibu ndiyo.

"Buda, naburuta. Si ungeirudia tu wewe?"

Nimeandika jibu mara tatu, nikafuta. Anaona tu kwamba naandika.