Marangu: Mtori wa mama na vita ya chipsi

Msomaji wangu wa mjini, wewe uliyezoea kula umesimama huku simu iko sikioni, wiki hii nakupandisha mlimani. Siyo kileleni, usiogope! Zile mita 5,895 waachie wenye makoti mazito. Sisi tunaishia Marangu, kwenye migomba, ambako kuna mgahawa wa familia moja wenye meza nne tu. Jina siliandiki, maana mwenye nao kanikataza. "Wakija wengi tutawalisha nini?" ndivyo alivyosema.

Kufika siyo kazi. Ukitoka Dar kwa basi unashuka Himo, kabla hujaingia Moshi, halafu unadandia haisi ya Marangu Mtoni. Pale Himo jasho linakutiririka, lakini ukipanda kidogo tu unafunga dirisha mwenyewe bila kuambiwa. Migomba inakusogelea pande zote, kahawa imejificha chini yake, na sauti ya maji haikatiki. Ni ile mifereji ya Wachagga, iliyochimbwa tangu zama za mababu kuteremsha maji ya mlima hadi kwenye vihamba. Na kihamba ndiyo kila kitu bwana: nyumba, shamba na makaburi ya wazee, vyote pamoja.

Mgahawa wenyewe uko humo humo kihambani. Unakula barazani. Baba ndiye anayekata mkungu nyuma ya nyumba, mama yuko jikoni, binti yao anapokea wageni na kushika hesabu. Ng'ombe wawili wako zizini, hatua chache tu. Wanakula majani na vigogo vya migomba, samadi yao inarudi shambani, maziwa yanakuja mezani kwako.

Nilikuwa na mshikaji wangu, mtoto wa Sinza kabisa. Hajakaa sawasawa akaita, "Sista, chipsi kuku zipo?" Binti akatabasamu, akageukia jikoni. Mama akatoka anajifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mmetoka wapi?"

"Dar, mama."

"Sasa mtoke Dar yote ile mje kula chipsi? Kwani kule zimekwisha?"

Mshikaji kimya.

Ikabidi tusubiri mtori, na mtori hauna haraka. Nyama ya mifupa inachemka taratibu kwenye kuni. Ndizi mbichi, mama anapenda zile ziitwazo mshare, zinamenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta ili utomvu usishike. Zikiiva zinapondwa kwa mwiko, zinarudishwa kwenye supu ile ile mpaka ziwe laini kabisa. Kitunguu, chumvi, basi. Hakuna viungo vya paketi. Kama saa mbili zilikatika, na mshikaji alipomaliza bakuli la kwanza akaomba la pili. Baba akamtazama, akasema, "Hongera. Ni wa kiume au wa kike?" Baraza zima likacheka. Mtori bwana ndicho chakula anachopikiwa mama aliyetoka kujifungua, arudishe nguvu!

Tuliletewa na kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na mbege kidogo kwenye kibuyu. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, zikachanganywa na kimea cha ulezi, na gome la msesewe kuipa ule uchungu wake. Usidanganyike na utamu wa mwanzo. Inapanda taratibu kama ile haisi, lakini inafika.

Ni wakati tukisubiri ndipo binti aliponisimulia vita ya nyumba ile. Zamani ada za shule zilitoka kwenye kahawa. Bei ya dunia ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, baba akakata tamaa, mama akaanza kuuza mtori barabarani. Sufuria hiyo ndiyo iliyosomesha watoto watatu. Sasa utasema Marangu si watalii wamejaa? Wanapita kweli, tangu Hans Meyer alipopandia huku mwaka 1889, lakini wengi wanapanda na wapishi wao na vyakula vyao. Wateja wa kila siku ni vijana wa pale pale, na vijana wanataka chipsi.

Baba anataka kununua kikaangio. Mama amegoma. "Siku nikikaanga viazi," anasema, "hiyo migomba ya nani?" Binti yuko katikati. Aliacha kazi ya hoteli Dar akarudi kumsaidia mama, ambaye magoti yanamsumbua. Wamekubaliana mgahawa ujaribiwe mpaka mwisho wa mwaka. Usipolipa, yeye anarudi mjini. "Na mimi nikiondoka, anko, hili jiko linafungwa," akasema, huku anapanga vijiko kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

Mimi niko upande wa mama, lakini hesabu ya baba siyo ya kijinga. Viazi vinaiva mteja akiwa bado anatafuta kiti. Mtori unamtaka mteja mwenye subira, na subira siku hizi haipo hata milimani. Nilimshauri binti wapike kwa oda, mtu apige simu asubuhi, ale mchana. Akasema ameshaanza, ila wateja wa huko mjini wanapiga, wanasema "tunakuja", halafu hawatokei, na ndizi zikishapondwa haziwezi kurudi mgombani.

Kwa hiyo ukienda, piga kweli na ufike kweli. Haisi za kushuka zinapungua jioni, uliza mapema. Beba sweta, hasa Juni na Julai. Na Desemba? Binti alitusindikiza mpaka barabarani, nikamuuliza hilo hilo. Akacheka. "Desemba msije, anko. Wenyewe wote wanarudi kwa Krismasi. Mwezi huo mama anapikia ukoo, wageni mtalala njaa."